Mkeka wa Mbele

Aliyemleta mama mkwe kwenye mazoezi ya pilatesi ni yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakuna aliyemlazimisha. Alijipalia makaa kwa mikono yake miwili, tena akajiona mtu mwema.

Alikuwa msusi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, shingo kaiinamisha, kiuno kakipinda, vidole vinakwenda. Kama hujawahi kusuka watu, acha nikwambie: mgongo wa msusi huzeeka kabla ya uso wake. Daktari alimweleza waziwazi kwamba misuli ya ndani ya tumbo, ile inayozunguka kiuno kama mkanda, imelala usingizi, na mgongo umeachiwa mzigo wote peke yake. Akatafute mazoezi ya kuiamsha. Ndivyo alivyopanda ngazi za duka la vifaa vya ujenzi mpaka ghorofa ya pili, kwenye ukumbi wa sakafu ya mbao wenye kioo ukuta mzima, ambako mwanamke waliyemwita Mwalimu alifundisha kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni.

Wiki ya pili tu, wakiwa wamelala chali miguu iko juu, Mwalimu alipiga magoti pembeni yake, akapenyeza kiganja chini ya kiuno chake. Msusi akakisogeza kile kiganja taratibu, kama unavyomsogeza mtoto asiguse chungu cha moto.

"Nimeelewa, Mwalimu. Mimi sipendi kushikwashikwa. Waangalie wenzangu."

Mwalimu akasema sawa. Jumanne iliyofuata akamwomba ahamie mkeka wa mbele, ule ulio hatua mbili tu kutoka kwenye kioo. Tangu siku hiyo hakumgusa tena wala hakumsahihisha. Wengine kila saa ni "shusha bega", "funga mbavu", "usivute shingo". Kwake yeye, kimya. Msusi akapiga hesabu zake na kupata jibu lililompendeza: asiyesahihishwa hana kosa, na aliyewekwa mbele amewekwa atazamwe.

Usimcheke upesi. Fikiria kazi yake. Saluni, mteja anakaa mbele ya kioo anajitazama yeye. Msusi yuko nyuma, jozi ya mikono tu, na siku mteja akipendeza sifa ni za mteja. Lakini Jumanne na Alhamisi, wanawake kumi na watano walilala nyuma yake, na yeyote aliyesahau ni mguu upi unatangulia aliinua kichwa kumtazama yeye. Kwa saa nzima alikuwa mtu anayeonekana. Miaka miwili alikaa kwenye mkeka ule na hakukosa hata siku moja, mvua inyeshe, wateja wapange foleni.

Halafu mama mkwe akaanguka bafuni.

Alivunjika kifundo cha mkono, akapona, ila woga ukabaki. Akawa anatembea ndani ya nyumba huku ameshika kuta. Mwanawe, mume wa Msusi, fundi umeme asiyejua kukataa jambo la mama yake, akamleta aishi nao. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba, mkavu, mrefu, mstaafu wa bendi ya polisi. Alikuwa amepiga tarumbeta miaka thelathini, na moyoni Msusi alimwita hivyo hivyo, Tarumbeta, ingawa mdomoni alikuwa mama. Hakuwa mkorofi. Tatizo lake ni kwamba hakusifu. Ukimpikia vizuri alimaliza sahani, akanawa, akasema asante, basi. Miaka kumi na sita ya ndoa, Msusi alikuwa bado anasubiri neno la ziada.

"Twende wote, mama," alimwambia siku moja. "Mazoezi yatakurudishia miguu yako."

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Mama mkwe alivaa suruali ya michezo ya zamani ya kikosi, maandishi yamefutika, akapangiwa kona ya nyuma karibu na mlango. Aliambiwa kulia, akaenda kushoto. Kwenye daraja, pale unapolala chali na kuinua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, aliinuka kidogo akaanguka kama gunia. Mwalimu hakumtoka. Mkono kwenye mbavu, mkono kiunoni, kidole begani. Msusi akimwangalia kupitia kioo, akamwonea huruma. Na huruma, ukiichunguza vizuri, mara nyingi huwa imeficha majivuno.

Mwezi wa tatu ndipo mambo yalipogeuka. Siku hiyo walikuwa kwenye zoezi la Mia. Unalala chali, unainua kichwa na miguu, unapigapiga mikono hewani huku unavuta pumzi kwa hesabu tano na kuitoa kwa hesabu tano, mpaka mia. Kwa kawaida wakifika sitini ukumbi mzima umeshazimika. Jumanne hiyo ilisikika sauti moja tu kutoka kona ya nyuma, shwari kabisa, inahesabu: themanini na saba, themanini na nane. Mama mkwe alifika mia, akashusha kichwa, akauliza, "Tunaendelea au tumemaliza?"

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu hakucheka. "Jamani, msikilizeni bibi anavyotoa pumzi," akasema. "Hiyo ndiyo pilatesi. Hii mingine yote ni kurusha miguu."

Vichwa vyote vikageukia kona. Msusi aliona kila kitu kwenye kioo: nyuso kumi na tano, na hakuna hata mmoja uliokuwa upande wake. Kitu kikamchoma chini ya titi la kushoto. Alikitambua mara moja, kwa sababu wivu haujitambulishi mara mbili. Aliona wivu. Alimwonea wivu mama wa mume wake, bibi kizee mwenye suruali iliyopauka, na hakuona haya hata kidogo. Haya ilikuja baadaye.

Kuanzia hapo akaanza kuhesabu. Jumanne hii Mwalimu amemshika mara saba. Alhamisi, mara tano, na mara moja amemwita "mama yangu". Mtu anayesuka mtindo wa twende kilioni, mistari midogo midogo, hajambo kwa kuhesabu vitu vidogo. Wanawake wakaanza kusogeza mikeka yao nyuma, mmoja leo, mmoja kesho, eti kule kuna hewa. Hewa gani, wakati dirisha liko karibu na kioo?

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume akirudi kazini anamkuta mama yake anatoka jikoni na kikombe cha chai kimejaa, hashiki ukuta.

"Mama umenyooka siku hizi," akasema. "Unatembea kama ulivyokuwa kwenye gwaride."

"Na mimi je?" Msusi akauliza.

"Wewe si ndivyo ulivyo siku zote."

Alisema kwa mapenzi, mtu wa watu. Msusi alisikia kisu.

Sasa nikwambie jambo ambalo Msusi hakumwambia mtu. Mgongo wake ulikuwa haujapona. Miaka miwili ya mkeka wa mbele na bado kila asubuhi alijiinua kitandani kwa kushika ubao wa kitanda, akiuma meno, na mguno mdogo ukimtoka. Saluni, nyuma ya makopo ya mafuta ya nywele, alificha vidonge vya maumivu. Angemwambia nani? Mtu wa mfano hawezi kusema kwamba dawa anayowaonyesha wengine yeye haijamfaa. Akawa anaongeza bidii. Alishusha miguu chini kuliko wote, akashikilia muda mrefu kuliko wote, na akirudi nyumbani anameza kidonge.

Ndipo Mwalimu, tumbo limeshamtangulia kwa miezi saba, akatoa tangazo. Anakwenda kujifungua. Alhamisi atakuja mwenzake wa kutoka hospitali, lakini Jumanne, kwa miezi mitatu, darasa litaongozwa na mmoja wao.

"Wiki ijayo nitawaangalia mmoja mmoja," akasema. "Mtihani wa karatasi."

Kila mtu aliujua. Unalala chali, miguu juu, Mwalimu anapenyeza kipande cha karatasi chini ya kiuno chako na kushika ncha yake. Unashusha miguu polepole. Misuli ya ndani ikifanya kazi, kiuno kinatulia na karatasi haitoki. Ikilegea, kiuno kinainuka, naye anaivuta karatasi bila jasho. Watu wakatazamana. Wachache walimtazama Msusi. Waliobaki waliangalia kona.

Jumapili mchana, mume katoka, Msusi alimkuta mama mkwe amelala kwenye sakafu ya sebule kati ya meza na kochi, miguu juu.

"Mwanangu, nisaidie," akasema. "Hapa kwenye kushusha miguu napata shida. Wewe ndiye mkongwe. Unafanyaje?"

Miaka kumi na sita alikuwa hajawahi kuombwa kitu na mwanamke yule. Angeweza kusema kweli, maana kweli aliijua. Mwalimu aliiimba kila siku: miguu ikishuka, pumzi inatoka. Lakini aliuona mkeka wa mbele na mtu mwingine juu yake.

"Pumzi, mama," akasema. "Miguu inaposhuka, ishike pumzi. Ifungie ndani kabisa. Kaza shingo, sukuma tumbo juu. Usiiachie mpaka umemaliza."

Mama mkwe alimtazama kutoka pale sakafuni. "Niishike."

"Uishike."

"Haya. Asante."

Msusi akaenda jikoni, akafungua bomba, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Roho ilimsuta, sisemi haikumsuta. Ila haikumsuta kiasi cha kurudi sebuleni.

Jumanne ukumbi ulikuwa kimya. Mwalimu alianza na wa mbele. Msusi akalala, akainua miguu, karatasi ikapita chini ya kiuno. Akashusha miguu mpaka visigino vikabaki kidole kimoja kutoka sakafuni. Mwalimu akavuta. Karatasi haikutoka. Akavuta tena. Haikutoka.

"Asante," Mwalimu akasema, akasogea kwa mwingine bila neno la ziada.

Msusi akakaa kitako akajifuta uso, na kwenye kioo akawafuata wote. Wa pili karatasi ilitoka. Wa tano ilitoka. Mwisho zamu ikafika kona. Mama mkwe akainua miguu, akavuta pumzi, akaifunga. Shingo ikakaza, mishipa ikasimama. Tumbo likaumuka kama unga uliowekwa hamira, kiuno kikainuka, karatasi ikateleza yenyewe. Miguu ikaanguka kwa kishindo, naye akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Moyo wa Msusi ulicheza. Ndiyo, ulicheza, kwa nini nimfiche?

Mwalimu alikuwa amemshika mama mkwe mabega. "Bibi, nini hiki? Nani kakufundisha kushika pumzi?"

Msusi akaacha kujifuta. Mama mkwe alimaliza kukohoa, akasafisha koo, akasema kwa sauti ile ile shwari, "Nimejifunza kwa mkwe wangu. Yeye ndivyo anavyofanya."

"Mimi?" Msusi akageuka. "Mimi sifanyi hivyo."

"Unafanya, mwanangu. Nimekusikiliza miezi mitatu. Miguu ikianza kushuka, pumzi yako haisikiki tena mpaka ikipanda."

Msusi alitaka kucheka. Uongo aliutunga mwenyewe, kwa kinywa chake, sasa unarudishwa kwake kama tabia yake. Akamtazama Mwalimu amtetee. Mwalimu alikuwa anakuja, mkono mmoja kwenye tumbo lake zito.

"Rudia," akamwambia. "Lakini safari hii hesabu kwa sauti. Mpaka kumi."

Akalala. Akainua miguu. Moja, mbili, tatu. Alipofika nne sauti ilikatika. Akalazimisha tano, na kitu kikamshika chini ya mgongo, pale pale pa kila asubuhi, kikamkamata kama koleo. Miguu ikaanguka. Mguno ukamtoka mbele ya wanawake kumi na watano na mama mkwe mmoja, ule mguno aliouficha miaka miwili.

"Toka lini?" Mwalimu akauliza.

"Hauku... haukuwahi kuacha kuuma."

"Nilihisi. Unajibana na shingo, makalio na pumzi, karatasi inakaa, ila ndani hakuna kitu kinachofanya kazi. Mgongo ndio unaobeba."

"Ulijua?" Msusi alikuwa bado amelala, hakuweza kuinuka. "Ulijua ukanyamaza? Na kuniweka mbele ukaniweka, watu wanifuate?"

Mwalimu alikuwa mtu mpole, na jambo hili lilimtia haya yeye pia. "Sikukuweka mbele ya watu, dada yangu. Nilikuweka mbele ya kioo. Uliukataa mkono wangu, nikasema labda utajiona mwenyewe. Kisha nikakuzoea, na hilo ni kosa langu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Miaka miwili Msusi alikuwa amekitazama kioo kile jinsi alivyozoea kutazama vioo, akiangalia walio mbali naye kidogo: nani kachoka, nani kamzidi, nani kashikwa mara ngapi. Yeye mwenyewe hakujitazama hata siku moja. Nyani haoni kundule, walisema wa kale, na huyu alikuwa na kioo cha ukuta mzima.

Mwalimu akarudi kona. "Bibi, rudia. Na utoe pumzi kama siku zote."

Mama mkwe akashusha miguu huku anahesabu. Ilishuka nusu tu, ikitetemeka. Karatasi haikutoka. Akafika ishirini. Na mambo yakaisha hivyo: Jumanne, miezi mitatu, ni za mama mkwe. Watu wakampigia makofi, wakakunja mikeka, wakashuka ngazi wakizungumza kwa sauti za chini. Mwalimu akamwekea Msusi mto chini ya magoti, akaenda kumpigia simu fundi umeme aje kumchukua mkewe.

Wakabaki wawili. Mama mkwe akaja taratibu, bila kushika ukuta, akakaa sakafuni pembeni yake.

"Nilikudanganya Jumapili," Msusi akasema akiangalia dari.

"Najua."

"Unajua?"

"Miaka thelathini nimekula kwa pumzi. Mtu aniambie niifunge, nimwamini?"

"Sasa kwa nini umefanya?"

"Nilitaka Mwalimu aniulize nimejifunza wapi." Mama mkwe akanyoosha ukosi wa fulana yake. "Kila asubuhi nakusikia kupitia ukuta unavyoinuka. Ningekwambia mimi, ungenisikia?"

Jibu lilikuwa hapana, na wote wawili walilijua. Na hapo, badala ya shukrani, wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa siku ile ya Mia. Bibi huyu alikuwa amehatarisha nafasi yake mbele ya watu wote kwa ajili ya mgongo wa mtu aliyemdanganya. Angemtukana, wangekuwa sawa. Angemsema kwa mwanawe, wangekuwa sawa. Sasa hata kwenye ubaya wake mwenyewe Msusi alikuwa wa pili.

"Jumanne ijayo utakuja?" mama mkwe akauliza.

"Nije kukutazama wewe?"

"Uje nikushike mgongo."

Ngazi zilikuwa kimya bado; mume hajafika. Msusi alikunja magoti, kwanza moja, kisha la pili, na akalitafuta neno muda mrefu. Halikuwa neno kubwa, lakini alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Nishike sasa hivi."

Kiganja kikapenya chini ya kiuno chake. Kilikuwa kigumu, kimenyooka, hakikumbembeleza. "Toa pumzi," mama mkwe akasema. "Si hiyo ya kifuani. Iliyo chini." Msusi akaitoa. Ikaenda, ikaenda, na mwisho wake kabisa, ndani chini ya kitovu, kitu kidogo kikaanza kutetemeka, msuli ambao kwa miaka miwili hakuwahi kukutana nao.

"Unatetemeka," akasema kwa aibu.

"Ndio wenyewe huo. Uache utetemeke."

Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana yote miwili alikuwa ameibana sakafuni.

"Bado nakuonea wivu, mama."

"Nionee tu," mama mkwe akasema, kiganja hakijasogea. "Ila usiache kupumua."